Sumaku, Wimbi na Benchi la Msusi

Kijiwe cha nje ya karakana ya viti hakikosi watu saa za kahawa. Benchi lenyewe alilisuka mwenye karakana, wanayemwita Msusi, na halijapata kumwangusha mtu, hata wanene. Leo kahawa inampoa Msusi mkononi. Kesho bintiye anaeleza utafiti wake chuo kikuu mbele ya maprofesa, na kamwomba baba aje. Anatamani kwenda mpaka roho inamuuma, ila anaona haya: akiulizwa mwanao anafanya nini, atajibu nini?

— Hebu rudia alivyokwambia, alisema Redio, kinyozi asiyezimika.

— Kuna chuma, chembe zake zimejipanga kama msuko huu tulioukalia: pembetatu, pembetatu, katikati tundu. Tena ni sumaku. Wakikipoza sana, umeme ndani yake unajikusanya mafungu mafungu, kama wimbi lililoganda. Kwa macho hulioni. Basi mwanangu anakimulika, anausoma mwanga unaorudi.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Redio, ndiyo maana wanakipoza.

— Hilo wimbi ni la simu, alisema Gia, dereva mstaafu. Sasa najua kwa nini mtandao unasumbua.

— Simu wapi! alisema Redio. Umeme umebanwa, unagombea pa kukaa. Na mafahali wawili hawakai zizi moja. Sumaku italiua hilo wimbi.

— Hailiui, alisema Msusi. Mwanangu kaona wimbi likitokea, sumaku nayo inazidi nguvu.

Gia akavua kofia.

— Yule yule aliyekuwa akilala hapa chini ya benchi? Mtoto ana akili jamani.

Mama mmoja, mgeni mtaani, alikuwa amesimama na kiti chake kilichotoboka.

— Samahani, kaka zangu. Kati ya sumaku na wimbi, nani anamvuta mwenzake?

Redio akamgeukia Gia. Gia akamgeukia Msusi.

Msusi akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi.

— Dada, hilo ndilo swali lake mwenyewe. Anasema hata maprofesa wanabishana. Nami nilidhani ni mimi tu nisiyeelewa.

— Kwa hiyo hakuna anayejua?

— Hakuna.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Redio, na leo methali yake ilikaa mahali pake.

Msusi akakipokea kile kiti.

— Kitakuwa tayari kesho kutwa, dada. Kesho sipo. Nakwenda kukaa na wenzangu wasiojua.