Fundi Valvu na Amplifaya ya Kaka Yake

Ndugu, jamaa na majirani, tunayemsindikiza leo wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Fundi Valvu. Alizaliwa tarehe 9 Machi 1954, mtoto wa pili wa mama mshonaji na baba dereva wa lori, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga. Chumba cha watoto kilikuwa na kitanda kimoja, hivyo yeye na kaka yake walilala mzungu wa nne mpaka walipoota ndevu. Mama yao alizoea kusema wale wawili ni chanda na pete, ila pete inapiga mateke usingizini.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1968. Mwaka uliofuata alipelekwa kwa mjomba wake, fundi wa redio, akajifunze kazi. Redio za wakati ule zilitumia valvu, vile vichupa vya kioo ambavyo lazima vipate moto kwanza ndipo redio iseme. Mjomba alimfundisha kwamba moto wa valvu unatoka kwenye transfoma kwa waya mmoja, na kurudi unapitia kwenye bati la kasha lenyewe. Marehemu alishika upesi. Mwaka 1972, mjomba akiwa bado anaendelea kumfundisha, alipata kazi kwenye kituo cha redio, akaaga.

Alifanya kazi katika karakana ya kituo hicho hadi alipostaafu mwaka 2004. Wenzake wanasimulia kwamba mitambo ikichelewa kuwaka asubuhi, aliinamia valvu na kuibembeleza: "Amka, bibie, watu wanasubiri habari." Valvu zilizotupwa alizibeba nyumbani ndani ya soksi ili zisigongane. Mtu akitafuta soksi za shule, anakuta valvu.

Tarehe 22 Agosti 1981 alifunga ndoa na mkewe mpendwa, msusi, wakajaliwa watoto wawili. Alikuwa mume mpole, lakini ukimwelekeza jambo la ufundi alikuwa na jibu moja: "Mjomba hakufundisha hivyo." Neno lile likawa la nyumba nzima. Hata chai ikikosa sukari, mkewe alionja na kusema, "Aa, hii mjomba hakufundisha hivyo," na marehemu alicheka kuliko wote.

Kaka yake alikuwa mpiga gitaa wa harusini, na kila harusi aliazima amplifaya. Marehemu alipostaafu alimwahidi kumuundia ya kwake. Alifunga transfoma nzito kwenye kasha la bati, akapanga zile valvu za kwenye soksi, akaunganisha waya za moto kama alivyofundishwa. Siku ya kuijaribu, mwaka 2009, kaka alichomeka gitaa, akasita.

"Mdogo wangu, hii inavuma kuliko inavyoimba. Umefuga nyuki humu?"

"Ngoja ipate moto."

"Imeshapata, sasa napoa mimi. Fundi mmoja kaniambia waya za moto ziwe mbili, zisokotwe pamoja kama kamba, mvumo unakufa. Jaribu."

"Mjomba hakufundisha hivyo."

"Mjomba hayupo. Jaribu tu."

"Basi huyo fundi wako akuundie!"

Kaka alifunga gitaa lake, akahama hata mji. Hawakuzungumza tena. Amplifaya ilifunikwa shuka, na marehemu hakuruhusu iguswe.

Septemba 2021 aliletewa amplifaya kuukuu ya ukumbi wa mikutano aitengeneze. Alipoigeuza, aliona alama ambayo mjomba aliichora kwa msumari kwenye kila kazi yake. Ndani, waya za moto zilikuwa mbili, zimesokotwa vizuri, zinatambaa kwenye pembe za kasha toka valvu hadi valvu. Kumbe aliyofundishwa yalikuwa ya redio ndogo tu. Ya vyombo vya sauti kubwa hakuyasubiri.

Aliweka bisibisi chini. Alimwambia mkewe, "Nilitoka darasani kabla ya kengele."

Wiki ile ile alifunua shuka, akalipaka kasha rangi, akang'oa waya za zamani, akasokota mpya. Mkewe alitazama akasema, "Sasa zimesukwa. Zile za kwanza zilikaa kama nywele za aliyetoka kuumwa." Kisha akasema, "Mpigie kaka yako."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie alisema kweli. Basi."

"Nitampigia. Rangi ikauke kwanza."

Rangi ilikauka. Akataka kitambaa kipya cha mbele ya spika, halafu mpini wa kubebea, halafu akapaka rangi tena. Simu ilikuwa mezani, pembeni ya kopo la rangi.

Aprili 2022 miguu yake ilianza kuvimba, na hospitali ikagundua moyo umechoka. Mkewe ndiye aliyempigia kaka, naye akapanda basi saa ile ile. Marehemu alitutoka Alhamisi jioni, tarehe 2 Juni. Kaka alifika Ijumaa asubuhi.

Aliomba aonyeshwe amplifaya. Valvu zilipoiva nyekundu tulidhani atapiga, maana gitaa lilikuwa mgongoni. Hakulishusha. Aliongeza sauti hadi mwisho, akapiga magoti, akaweka sikio kwenye spika.

"Haivumi," alisema. "Jamani, haivumi hata kidogo."

"Alikuwa anangoja rangi ikauke, shemeji," mkewe alimwambia.

"Ningekuja ikiwa mbichi. Ningechafuka."

Marehemu ameacha mjane, mtoto wa kiume, binti, mkwe, mjukuu mmoja anayenyonya, na kaka yake, ambaye yupo hapa nasi.

Mungu ampokee, ampe pumziko lenye amani.