Kufunguliwa kwa Maabara ya Leza Kando ya Reli

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, Mkuu wa Taasisi, wanakamati wa ujenzi mliokaa kwenye viti vya vitambaa, walimu wenzangu, wazazi mliotoka Ronge na Maungu, na nyinyi wanafunzi mliosimama juani kwa hiari yenu: hamjamboni.

Nimepewa jukumu zito la kutangaza habari ambayo taifa limeingojea. Tangu Jumatatu asubuhi mpaka sasa, leza yetu haijafanya chochote. Haijayumba, haijaruka, haijabadilisha rangi hata kidogo. Hakuna kilichotokea! Naomba makofi.

Naona mnatazamana. Kwani mlidhani tunafanya nini hapa? Mimi, Nicholas Ndulu, mkuu wa idara, nimesoma mpaka nywele zikanihama, ili kazi yangu iwe kuhakikisha kitu kimetulia. Mke wangu anasema hiyo kazi hata kochi letu linaiweza, tena bila mshahara.

Hebu nieleze, hasa kwa faida ya kamati. Leza hii ni uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, unaotoa mwanga wa rangi moja tu, isiyotakiwa kusogea. Mwanga huo tunaupitisha kwenye kebo iliyofukiwa kando ya mashamba ya Marungu. Ndovu akikanyaga karibu, kebo inatikisika, mwanga unarudi umebadilika, na simu ya mwenye shamba inalia. Lakini leza yenyewe ikitetemeka, tutajuaje kama ni ndovu au ni yenyewe? Uzi ukipata joto kidogo unarefuka, na rangi inahama. Ukitikiswa, inahama tena. Ndiyo sababu Cynthia Wakesho, mhandisi wetu aliyeiunda, aliomba kitu kimoja tu: mahali patulivu, pasipo joto la kupanda na kushuka.

Na kamati, kwa busara yake, ikamjengea jengo hili. Karibu na reli.

Treni ya mizigo ikipita, chai inacheza ndani ya kikombe. Madirisha yanatazama magharibi, ili jua la Voi lisipate taabu ya kutafuta mlango. Na kiyoyozi! Kinaanza kwa kishindo, kinatugandisha, kinajizima, kinatuacha tukiiva. Je, kuna maabara nyingine iliyofikiriwa kwa upendo namna hii?

Cynthia alipoliona jengo alikuja ofisini kwangu.

“Mwalimu, tukihamia huko, kebo itakuwa kiziwi. Na mahindi ya Marungu ndiyo haya yanakomaa.”

“Lakini utepe wa ufunguzi umeshanunuliwa,” nikamjibu, kama kiongozi.

“Basi mkawafungie ndovu huo utepe.”

Maana wakati huo leza ilikuwa na makao mazuri: lile tangi la chini ya ardhi, ambalo kamati hii hii ililijenga kuvuna maji ya mvua na ambalo halijawahi kushika hata ndoo moja. Mchana na usiku, humo ndani baridi ni ile ile. Cynthia aliukunja ule uzi ndani ya sufuria nene ya ugali, akafunika, akaizungushia katani pande zote. Mwenye sufuria ni Susan wa jikoni, na kila Ijumaa humuuliza, “Mwanangu, hicho unachopika hakijaiva tu?”

Mheshimiwa, amri ilitolewa kwamba leza iwe imehamishwa kufikia leo, ili upigwe picha nayo. Na kama unavyoona, ipo: lile sanduku linalong’aa pale mezani, lenye taa ya kijani.

Sasa wacha niseme ukweli, maana mzaha wangu umefika mwisho wa barabara.

Lile sanduku halina kitu. Taa ni ya Krismasi, nimeitoa nyumbani kwangu. Juzi nilimkuta Cynthia amepiga magoti ndani ya tangi, ameshaanza kutoa katani ili atii amri. Nikamwambia arudishe. Hana kosa lolote. Mtu akitafutwa, nitafuteni mimi.

Jana alfajiri simu ya Mzee Kimanzi wa Marungu ililia kabla ndovu hawajaingia shambani. Akagonga debe, majirani wakawasha tochi, ndovu wakageuka. Msimu uliopita walimmalizia shamba lote, na binti yake akakaa nyumbani muhula mzima. Mzee, inua mkono tukuone. Na yule aliye kando yake, mwenye sare ya shule, ndiye Shanice.

Na leza wakati huo ilifanya nini? Haikufanya chochote. Ndiyo maana tuliwasikia ndovu.

Ombi langu ni hilo tu, Mheshimiwa: leza ibaki ilipo. Jengo hili halitakosa kazi. Ni zuri sana kwa harusi. Utepe ukatwe hapa, na makofi yapigwe hapa hapa, kwa nguvu zote. Kule kwenye tangi tusiende. Tukishuka wote kuiona, tutaitikisa.

Asanteni sana kwa kunivumilia. Sasa shikeni vikombe vyenu, treni inakuja.