Simu Zilizomuaga Dada Kabla ya Kikao

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu,

Sisi wafanyakazi wa Chumba cha Majaribio tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tafadhali usiegemee ukuta. Ule wote ni simu, na ukiugusa tu utapigwa picha arobaini.

HISTORIA

Zamani tulizijaribu simu hizi kwa vidole, hadi vidole vikagoma. Ndipo mwenzetu, Dada wa Kompyuta, akaandika programu ya kuziamrisha zote kutoka kwenye kompyuta moja. Kompyuta ikishaipa simu kazi haikai kuingoja. Inakwenda kwa nyingine, na majibu yanakuja yenyewe. Kazi ya wiki ikawa ya asubuhi moja.

MAFANIKIO

Tumepumua. Wawili wetu wameoa.

CHANGAMOTO

Haraka haraka haina baraka. Kuna mstari mmoja wa programu ambamo Dada alisahau kuiambia kompyuta isubiri jibu. Tangu hapo simu zinakata ndipo zipige, zinaaga ndipo ziamkie. Wiki iliyopita zilikutumia pole kwa kuanguka, Mkurugenzi, nawe ukaanguka ngazini mchana wake. Tunaapa hatukupanga. Tunajua ulikasirika, na una haki.

MAOMBI

Tulikusudia kuomba feni. Ombi hilo tumelifuta.

Leo asubuhi tukipanga viti, simu zote ukutani zililia kwa pamoja. Ulikuwa ujumbe ulioandaliwa ofisini kwako, utumwe baada ya kikao hiki: "Tunamuaga Dada wa Kompyuta. Tunamtakia heri huko aendako." Dada mwenyewe alikuwa ameshika kiti. Akausoma, akakiweka kiti mahali pake, akasema, "Jamani, angalau leo zimeitika zote."

Tulicheka. Kisha fundi wa chaji, mtu mzima mwenye wajukuu, akaanza kulia, nasi tukamfuata.

Ule mstari ameshausahihisha. Aliurekebisha palepale, ndipo akafungasha begi lake. Yuko kiti cha nyuma kabisa, analo magotini.

Mgeni rasmi, simu zimeshasema, lakini wewe bado hujasema. Tunakuomba kwa unyenyekevu, ukisimama hapa, useme lingine.

Mola akujalie afya, akulindie nyumba yako, na akulainishie moyo kabla hujashika kipaza sauti.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Chumba cha Majaribio,
tuko saba, Dada akiwemo.