Mjukuu Wangu Rubani Hakunitambua

Bwana apewe sifa zake, ndugu zangu, na nani wa kumnyima!

Ulikuwa ule mwaka mahindi yaliungua shambani, Ipole nzima tukala michembe na matobolwa, viazi vikavu asubuhi, viazi vikavu jioni, hadi watoto wakauliza ugali ni kitu gani. Mwaka huohuo ukungu ukanifunga jicho la kushoto. Mjukuu wangu Maganga akasema, "Bibi, nitakupeleka Dar kwa ndege yangu, ukatibiwe."

Ndege yake! Mimi niliishia darasa la pili, lakini nimelea rubani, tena kwa asali ya mizinga yangu mwenyewe. Nilijivuna, sifichi. Hata aliyekuja kuomba chumvi hakuondoka bila kusikia habari za rubani wangu.

Basi nikafika uwanja wa ndege wa Tabora na kanga mpya. Ndege yenyewe ndogo, ya watu wachache, rubani mmoja. Maganga amesimama chini ya bawa. Kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, lazima mtaniane. Nikamtupia: "Mume wangu, umenitelekeza na viazi mwaka mzima! Leo unanichukua, au una mwingine huko Dar?"

Siku zote hunijibu palepale, "Nyamaza, kibogoyo, talaka yako iko mfukoni!"

Siku hiyo alinitazama tu. Macho mekundu kama ya mtu aliyepuliza kuni mbichi. Akasema, "Shikamoo, mama. Abiria wasubiri kivulini."

Mama! Mimi! Ndugu zangu! Mtoto niliyembeba mgongoni yuko mbele ya pua yangu, hanijui, na ndiye wa kutupandisha mawinguni!

Nikamkamata mkono. "Maganga, ni mimi, bibi yako. Umelala lini?"

Akapepesa macho, kisha akanitambua. "Bibi... sijui. Mwenzangu anaumwa, narusha safari zake na zangu. Jana nilifumba macho tukiwa juu ya Urambo. Nilipofumbua, naliona Ziwa Tanganyika. Ndege inajiendesha yenyewe. Nyuma abiria wanapiga soga, hawajui kitu."

Yesu wangu! Urambo mpaka ziwani, watu wazima wanacheka na kula karanga, na anayewabeba amelala! Nani aliyemwamsha? Niambieni! Mimi namjua aliyemwamsha, na ndiye aliyenifanya nifungue mdomo.

Maana babu yangu alikuwa kirangozi, yule anayetangulia mbele ya msafara, kutoka hapahapa Tabora hadi pwani. Alikuwa akitusimulia, kirangozi akipepesuka, wapagazi wote wanatua mizigo, hata mwenye mali apige kelele mpaka sauti imkauke. Nami nikautua mzigo wangu. Nikakaa juu ya ngazi ya ndege, miguu nimenyoosha, nikasema: "Sipandi, na mjukuu wangu harushi, mpaka alale!"

Meneja wa kampuni yake akaja mbio. "Bibi, unatuchelewesha! Huyu asiporusha leo, kazi hana."

Mfanyabiashara mmoja wa Nzega akacheka, "Bibi anaogopa ndege! Mrudisheni kwenye mkokoteni!"

"Mkokoteni wangu punda wake amelala, baba," nikamjibu. "Rubani wako je?"

Wakati tunabishana, Maganga alikuwa amekaa juu ya begi langu. Kichwa kikaanguka kifuani. Mara mikono ikanyooka mbele, imeshika hewa, naye anasema usingizini, sauti ya upole kabisa: "Ndugu abiria, fungeni mikanda, tunatua."

Ndugu zangu, uwanja mzima uligeuka kumtazama. Meneja akamtikisa. Akamtikisa tena. Mtoto anatua tu, hapo juani, juu ya begi la bibi yake! Yule wa Nzega je? Alichukua mzigo wake, akaondoka. Wengine wakamfuata.

Kazi walimwachisha siku ileile. Nililia? Nililia sana! Fahari yangu yote chini. Dar nilikwenda kwa treni, jicho likafunguliwa, nikarudi nikamkuta kwangu ananenepa. Na asubuhi ya kwanza akaniambia, "Kibogoyo, chai iko wapi?" Nikapiga magoti palepale jikoni. Mungu amenirudishia mume wangu!

Wewe unayesafiri, mtumaini Bwana. Mtumaini! Lakini huyo Bwana ndiye aliyeumba usingizi, basi usimwombe akulinde huku unamnyima rubani wako kitanda.

Juzi simu ya Maganga ililia, naye amelala. Nikapokea. Ni yule meneja: wanamtaka, aanze kesho, safari ni nyingi.

Nikauliza, "Na kulala?"

"Bibi, hayo tutayaona mbele ya safari."

Mbele ya safari! Mawinguni! Nikamwambia: "Sipandi, na mjukuu wangu harushi, mpaka alale!"

"Lakini bibi, hakuna aliyekuambia upande!"

"Sipandi, na mjukuu wangu harushi, mpaka alale!"