Kiboksi cha Bwana Taratibu

Ndugu, majirani na mafundi wenzake mlioacha shughuli zenu kuja hapa, familia imemtuma mdogo wake marehemu awasomee maisha ya kaka yake, mtu mliyemwita Bwana Taratibu, na tunaomba mtuvumilie hadi mwisho, kwa sababu humu mna jambo ambalo wengi wenu hamkuwahi kulisikia, na wengine mtadhani tumetia chumvi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, katika nyumba ya kupanga nyuma ya karakana ya seremala, mtoto wa kwanza kati ya wawili, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya reli na kumaliza mwaka 1985, na kwa kuwa mfuko wa baba haukuruhusu zaidi, mwaka 1988 aliingia studio ya picha kama mfagiaji, akatoka humo mpiga picha kamili, mpole, mwenye utani, asiye na makuu.

Tarehe 14 Desemba 1996 alifunga ndoa na fundi cherehani wa chumba cha jirani, ambaye mpaka leo anaapa kwamba alipigwa picha mara nyingi mno kabla ya kutongozwa, wakajaliwa binti tarehe 2 Juni 2001, aliyependa kuwatuma watu wazima kama ofisa, ndiyo maana baba yake akamwita Bi Mkubwa, kisha mtoto wa kiume mwaka 2004. Bi Mkubwa alifariki kwa homa ya uti wa mgongo tarehe 19 Agosti 2006, na kaka, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga picha watoto wa watu, akagundua kwamba wa kwake ana picha moja tu, tena imetikisika. Liliuma, jamani, liliuma sana.

Mwaka 2013 aliingia kwenye video, akanunua kamera ya mtumba, ile ndogo ya bei nafuu inayobadilishwa lenzi, na lenzi ya plastiki ya milimita hamsini, na stendi iliyofungwa mguu mmoja kwa utepe, na taa mbili za dukani alizozifunika shuka jeupe ili mwanga ulainike, na kwa vifaa hivyo vya kuchekwa alitoa video za harusi ambazo wenye makamera ya bei mbaya walizionea gere, kwani alijua kumweka bibi harusi karibu na dirisha, kumfichia maiki ndogo kwenye nguo, na kumwambia kila mtu atembee taratibu, taratibu, harusi haikimbii.

Kamera hiyo, kama mafundi mnavyojua, hutafuta nyuso yenyewe, na ikiuona uso huuwekea kiboksi cha kijani kwenye skrini ili utoke bila ukungu. Katika harusi ya kwanza aliyoirekodi, kiboksi kilimwacha bibi harusi, kikaenda kukaa kando ya meza ya keki, mahali pasipo na mtu, usawa wa kifua cha mtu mzima, na keki ilipohamishwa kikaifuata. Alifuta lenzi, akabadilisha lenzi, akapeleka kamera kwa fundi, akaambiwa hizi za bei rahisi huona nyuso hata kwenye mapazia, akaazima nyingine, ikawa yale yale, basi akaizima hiyo kazi ya kutafuta nyuso, akawa anazungusha lenzi kwa mkono, nanyi mkamsifu kwa mkono wake ule, mkaja kuomba siri, akacheka tu.

Ila nyumbani, mchana, akiwa peke yake, aliiwasha. Aliielekeza kwenye mlango wa sebuleni, akachora kwa penseli kwenye fremu pale kiboksi kiliposimama, na kila mwaka alama ilipanda, mkewe akiambiwa ni vipimo vya stendi, hadi mwaka 2019 ilipoacha kupanda, usawa wa bega la marehemu, kama msichana aliyemaliza kukua.

Ini lilianza kumsumbua Februari mwaka huu, akalazwa tarehe 3 Oktoba, na huko wodini ndiko alikomweleza mkewe yote. Shemeji hakuogopa, alikasirika, alimuuliza iweje mama mtu afichwe mwanawe miaka yote hiyo, naye akajibu kwa shida kwamba hata yeye uso hakuwahi kuuona, ni kiboksi tu, na alihofia mwenzake angekaa mlangoni akisubiri, asishone tena, asile. Kisha akaomba mazishi yake yarekodiwe kwa kamera ile ile, kiboksi kikiwa kimewashwa, na mkewe ndiye aishike. Alituacha Alhamisi, tarehe 7 Novemba 2024, saa nne asubuhi.

Ndiyo maana, kwa wale mnaonong'ona, mjane hakuketi mbele bali amesimama nyuma ya stendi, na ndiyo maana tumewaomba mkae upande ule, hapa pabaki msomaji peke yake na jeneza lililofungwa. Tumekubaliana anyooshe kidole kiboksi kikitua pasipo na mtu, msomaji akiwa hahesabiwi. Tangu asubuhi hajanyoosha, na hajala.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mliopika na kutufulia, na mafundi wenzake mlioleta taa bila kuombwa, hatuna cha kuwalipa isipokuwa

Samahanini. Hili halimo kwenye karatasi. Shemeji amenyoosha vidole viwili. Anaonyesha hapa, kushoto kwangu, kiboksi kimoja kwenye kimo cha kaka, na kingine begani kwake, anacheka huku machozi yanamtoka, na mimi shingo imegoma kugeuka.

Shemeji, usizime.

Pumzikeni kwa amani.