Madam Antonine na Ngoma ya Kliniki

Sasa hivi binti yangu Maëva amechovya kidole kwenye keki ya nazi, akakilamba, akaniangalia kama si yeye. Shimo nimeliziba kwa kisu. Keki ni ya kumuaga mkunga wetu, Madam Antonine Esparon, anayestaafu leo, tarehe 31 Machi, baada ya miaka thelathini na minne katika kliniki hii ya kisiwa cha Praslin.

Alipoanza, wajawazito walikaa kwa mafungu: wa familia za mashamba makubwa huku, wajukuu wa vibarua kule, wa wenye maduka karibu na mlango. Kila mmoja alijikakamua na Kifaransa, hata linalomuuma hasemi. Madam akatangaza kwamba humu ndani ni Krioli tu, kile cha jikoni kwa mama. Kisha akaleta ngoma ya mutia, ile ya watumwa wa zamani inayopashwa moto ngozi yake ndipo ilie, ambayo bibi yake alikatazwa na wakoloni kuipiga mjini, akawafundisha kuzungusha kiuno na kupumua nayo ili uchungu upungue ukali.

Siku ya kwanza aliwasha makuti uani aipashe ngozi. Daktari akatoka mbio na ndoo, akazima moto, akalowesha ngoma na Madam mwenyewe.

Madam Lablache wa dukani alisusa. Alisema ile ni michezo ya vibarua. Uchungu ulipomshika, Kifaransa chote kilimkimbia, akamng'ang'ania mkunga: "Antonine, mwenzangu, ngoma iko wapi?" Wamama wa mafungu yote wakamwimbia mpaka mtoto akalia. Tangu hapo watoto wetu huitana ndugu wa ngoma moja. Maëva naye nilimzaa hivyo.

Sasa wakubwa wa kliniki wamesema wamama wakija leo bila Madam kuongoza, darasa hili la ngoma litaendelea. Wasipokuja, chumba kitakuwa stoo. Na Madam amenikabidhi darasa mimi, mfagizi wa hapa niliyeacha shule mapema. Nilimwambia sina cheti. Akanipima kwa macho chini mpaka juu.

"Mwanangu, kiuno unacho. Cheti utakifuata."

Vipimo na dawa ni vya nesi Lizanne. Mimi nishike ngoma tu.

Madam, asante kwa kutukalisha benchi moja. Tunakuombea usingizi usiokatizwa na mlango kugongwa, mihogo inenepe bustanini, na magoti yako yaendelee kucheza. Tena tunakuombea... loo, Lizanne ananiita, wamama wamejaa mpaka barazani na ngoma bado ni baridi, basi ngoja nikawashe makuti, nawe Madam ukae, leo zamu yako kutazama.