Nilipofungiwa na Banda la Karafuu

Assalaam alaykum, mama zangu na ndugu zangu wa kikundi. Mmeniomba niseme, nami leo nitasema, maana kwa muda mrefu kinywa kilikuwa kizito.

Wengi mwanijua. Nilikuwa msimamizi wa kukausha karafuu katika kampuni moja hapa Wete, jina tuliache. Zamani tukianika juani, juu ya majamvi, na kila wingu likipita, roho zetu juu. Mkurugenzi naye akiiogopa mvua kama sisi. Akinunua karafuu kwa kiasi tunachoweza kukianua mbio.

Kisha likajengwa banda jipya: paneli za sola juu, feni ndani, vipimajoto ukutani, na mlango unaojifunga wenyewe. Simu iliyounganishwa na banda ikitupa habari kwa sauti ya mwanamke: "Hali ni salama."

Ndugu zangu, nawaambia, khofu ilimtoka yule bwana kama homa. Akaahidi wanunuzi wa ng'ambo shehena ambayo hatujapata kuikausha. Banda likajazwa hadi darini. Watu wa zamu akawaondoa wote. Nilipomwuliza, akasema jua halichoki na simu hailali, basi watu wa nini?

Banda likabaki peke yake, likinguruma. Mlango ukifunguka, hatoki mtu. Ukijifunga, hakuingia mtu. Watu wa mtaa wa Jadida wakaacha kupita pale jua la utosini. Wakisema lina wenyewe, majini.

Siku moja, baada ya adhuhuri, nikasikia harufu ya karafuu zinazoungua. Simu ikasema hali ni salama. Nikaingia kutazama. Mlango ukajifunga nyuma yangu, feni zikanyamaza, na joto likapanda hadi sakafu ikanichoma nyayo. Nikaibonyeza simu ili mlango ufunguke. Ile sauti ikanijibu kwa upole: "Hakuna mtu ndani."

Nikagonga. Nje nikasikia hatua zikija, kisha zikikimbia. Wengine walikuja wakasoma Ayatul Kursiy, wakaondoka. Mama zangu, nilifika pahali nikatia shaka mwenyewe kama bado nimo.

Ndipo bibi mmoja akasogea hadi mlangoni.

"Wewe u mtu, au si mtu?"

"Mtu," nikamwambia. "Ni mtu, bibi."

Akaagiza shoka.

Nilitoka mikono imeungua. Karafuu ziliharibika, na kampuni nusura ife. Lakini maradhi yangu yalikuwa mengine: nyumbani sikukubali mlango ufungwe, na simu ikilia nikitoka nje mbio. Nyinyi mkija kwa zamu, mkikaa nami kizingitini, bila ya kunihimiza. Mkurugenzi naye alikuja. Akakaa chini kama nyinyi, akasema, "Nilidhani nimeiondoa hatari. Kumbe niliitoa kwangu nikaiweka kwenu."

Watu wa zamu wamerudishwa, na mlango sasa unafunguliwa kwa mkono kutoka ndani. Sola inafanya kazi bado. Nami nimerudi kazini, alhamdulillahi.

Nawashukuruni nyote, na bibi yule zaidi. Mwenyezi Mungu ampe umri na afya. Sola siilaumu, wala simu. Lakini mkiona wakubwa wa kazi wamepata chombo kipya na khofu imewatoka, ulizeni imehamia kwa nani.